Kabla Hujapeleka Masalia ya Mtakatifu Maabara

Mara ya kwanza nilipokabidhiwa kisanduku cha masalia (mfupa au kipande cha vazi la mtakatifu) nikifungue, nilifanya kosa la kitoto: nilisahau kuzima feni. Kikaratasi chembamba kama ganda la kitunguu kiliruka kutoka kando ya mfupa, kikapotelea chini ya kabati. Nilitambaa sakafuni robo saa nzima kukitafuta. Kilikuwa na maneno machache ya Kilatini, basi, lakini bila hayo ule ulikuwa mfupa wa nani? Tangu siku hiyo huanza na kisanduku. Mfupa husubiri.

Kwa hiyo zima feni. Piga picha pande zote kabla hujagusa kitu: uzi mwekundu, lakiri, muhuri wa askofu. Kisha soma kikaratasi. "Ex ossibus" maana yake kipande cha mfupa. "Ex indumentis" ni kipande cha vazi, na hicho kina vipimo vyake. Herufi M baada ya jina ni ya shahidi, V ni ya bikira. Tafuta na hati iliyoambatana nacho, ulinganishe mihuri. Ukikuta uzi umekatwa, andika kwamba umekatwa. (Mimi hupiga magoti kwanza. Naheshimu, siabudu, Mtaguso wa Pili wa Nikea, mkutano mkuu wa maaskofu, ulikwisha kutenganisha mambo hayo mawili mwaka 787.)

Usichukue hata punje bila ruhusa. Kwa maelekezo ya Vatikani ya mwaka 2017, askofu wa mahali anahusika, na kibali cha Roma kinatakiwa. Ukisikia masalia yanauzwa, kaa mbali: kanuni ya 1190 ya Sheria ya Kanisa inakataza kabisa.

Sasa andaa maswali, na hapa ndipo wengi huteleza. Usiiulize maabara, "Je, huyu ni mtakatifu fulani?" Maabara haijui majina. Uliza kama mfupa ni wa binadamu, wa mtu mmoja au wawili, wa mwanamume au mwanamke, na mwenyewe alikufa karne ipi. Majibu ya maswali hayo ni hodari kwa kukanusha. Masalia yaliyotunzwa Chinon, Ufaransa, kama ya Yoana wa Arc yalipopimwa, matokeo ya mwaka 2007 yalionyesha ubavu wa maiti iliyokaushwa ya Misri ya kale, pamoja na mfupa wa paja la paka! Kule Roma, katika Kanisa la Mitume Kumi na Wawili, paja lililosemwa ni la Yakobo Mdogo lilitoka kati ya mwaka 214 na 340 baada ya Kristo. Mtume wa Yesu hawezi kuwa huyo.

Kuthibitisha ni kazi nyingine. Mwaka 2010, katika kisiwa cha Sveti Ivan, Bulgaria, wachimbaji walikuta mifupa ndani ya kisanduku cha jiwe chini ya altare ya kanisa la kale. Kisanduku kingine kidogo kilikuwa na maandishi ya Kigiriki yanayomtaja Mtakatifu Yohane na tarehe 24 Juni, sikukuu ya kuzaliwa kwa Yohane Mbatizaji. Kipimo cha kaboni, kinachokadiria umri wa mfupa, kiliupa mfupa mmoja wa mkono karne ya kwanza. Basi ni mtu wa nyakati za Yohane Mbatizaji, na kaboni inaishia hapo. Altare na maandishi vinatuambia waliomzika pale waliamini ni nani.

Ndiyo maana nawasihi wachimbaji: mfupa usiondoke mahali pake kabla ya mchoro na picha. Chini ya Basilika ya Mtakatifu Petro, uchimbaji wa miaka ya 1940 uliacha mifupa ikitolewa ukutani na kuwekwa kando bila kumbukumbu ya kutosha. Papa Paulo VI alitangaza mwaka 1968 kwamba ya Petro imetambuliwa, lakini wataalamu wanabishana hadi leo.

Waeleze maabara kila kilichopakwa mfupani. Gundi mpya ya wanyama huufanya uonekane kijana kuliko ulivyo. Vanishi ya mafuta ya petroli huuzeesha. Aliyekula sana samaki wa baharini naye huonekana wa kale zaidi, kwa hiyo omba wapime na dalili za chakula chake.

Ripoti ikifika, tafuta kitenzi. "Haipingani na" si "imethibitisha", hata kama magazeti yataandika hivyo.

Halafu rudisha kilichobaki, na kikaratasi cha zamani kikae palepale. Ongeza chako: nani alifungua, lini, kilichukuliwa kiasi gani kwa miligramu, kutoka upande upi. Funga uzi mpya, askofu apige muhuri, ndipo uwashe feni.