Jinsi ya kuchora milima uliyoiona dirishani mwa basi

Ukipanda basi la asubuhi Dar kwenda Moshi, tafuta siti ya dirishani upande wa kulia. Ukishapita Korogwe, Usambara inaanza kukusindikiza huko huko kulia, ikiisha Usambara inakuja Upare, yani mpaka Mwanga macho hayapumziki. Mimi hiyo njia nimeichora mara nyingi na nilichojifunza cha kwanza ni hiki, simu iache mfukoni. Piga picha moja mbili sawa, ila usizifungue mpaka mchoro uwe umekaribia kuisha. Ukichora kwa kuangalia picha utanakili picha, na kwenye picha ya simu ule mlima uliokutisha pale Mombo unakuwa kamstari kadogo tu huko nyuma.

Sasa utakumbukaje bila picha? Kuna mchoraji Mmarekani aliyeishi London, Whistler, yule wa mto Thames usiku. Alikuwa anautazama mto, kisha anaupa mgongo na kumsimulia mwenzake alichokiona, akikosea anageuka kuangalia tena. Fanya hivyo hivyo kwenye basi, angalia kidogo, funga macho, jisemee kimoyomoyo: mbingu nyeupe chini, bluu juu, mlima wa mbele kijani iliyokolea, wa nyuma kama moshi, udongo mwekundu. Andika hata nyuma ya tiketi. Maneno yanatunza rangi vizuri kuliko unavyodhani.

Ukifika, usiku huo huo kabla hujalala, chora kwa penseli viboksi vinne hivi vya ukubwa wa kibiriti, kila kimoja na mpangilio wake. Mstari wa ardhi na mbingu usiupitishe katikati, ushushe au uupandishe. Kiboksi kinachokurudisha kwenye ile siti ndo hicho.

Kanvasi ikikushinda bei usijali, Tingatinga mwenyewe alianza na vibao na rangi za baiskeli. Mi natumia akriliki kwasababu inakauka haraka, ila kumbuka ikikauka inakolea kidogo kuliko ilivyokuwa mbichi, kwahiyo changanya iliyofifia kidogo kuliko unayoitaka.

Anza kwa kupaka kibao chote kahawia nyekundu iliyozimuliwa kwa maji, iache ikauke. Huo ndo udongo wako, utachungulia humo humo kwenye nafasi utakazoacha na mchoro mzima utashikana. Alafu nenda kutoka mbali kuja karibu. Mbingu, mlima wa mwisho, unaofuata, mwisho kabisa majani ya kando ya barabara. Mlima wa mbali changanya nyeupe nyingi, bluu, na kahawia kidogo sana, na kingo zake zilainishe kwa brashi yenye unyevu, maana kati yako na ule mlima kuna hewa na vumbi la kilomita kadhaa. Kila unaposogea mbele punguza nyeupe, ongeza joto la rangi, yani isogee kwenye njano na nyekundu. Watu wengi wanakosea hapa, wanapaka milima yote kijani moja inaonekana imepangwa kama vyombo kabatini.

Mashamba ya mkonge ndo yalinitesa. Kijani ya kwenye tyubu ukiipaka ilivyo unapata jezi ya Yanga, mkonge hauko hivyo bana, una ukijivu na ubluu. Weka bluu, njano kidogo, nyeupe, kisha tone la nyekundu kuizima. Na mistari yake isiwe sambamba kama ya daftari, yote ielekee sehemu moja kule mbali, ndo utapata ile hali ya basi likipita na mistari inafunguka na kufunga kama feni.

Usichokikumbuka usikiweke. Ukihangaika kujaza kila kona unaanza kubuni vichaka ambavyo havikuwepo. Mwishoni ndo fungua picha, kagua vitu vidogo kama matawi ya mbuyu, lakini mlima ukiukuta wa kwako ni mkubwa mara mbili, uache.

Mama mkubwa, ambaye kakulia Korogwe, alivyoona wa kwangu akasema hapa ni kabla tu ya kukata kulia kupanda Lushoto. Alafu akauliza, mbona wauza machungwa wa Segera hujawaweka? Segera nilikuwa nimelala.