Biti yako ya kwanza kwenye kompyuta kwa LMMS

Ukitaka kupanga muziki kwa kompyuta bila kutoa hela, anza na LMMS. Ni ya bure kabisa, unaipakua kwenye lmms.io, na ipo ya Windows, Linux na Mac. Mtaani wengi hukimbilia FL Studio ya wizi, na hizo nakala mara nyingi huja na virusi. FL Studio halali ya majaribio nayo ina kikwazo chake: unahifadhi kazi, lakini ukifunga programu huwezi kuifungua tena mpaka uwe umelipia. Maelezo haya ni ya LMMS toleo la 1.2.2. Majina ya kwenye skrini tumeyaacha kama yalivyo ili uyaone kwa urahisi.

Tafuta hedifoni za waya. Za bluetooth huchelewesha sauti: unabonyeza sasa, inalia baadaye, na kila ukichezacho kitakuwa nje ya mdundo.

Ukifungua programu, tempo (kasi ya wimbo, yaani mapigo kwa dakika) inakuja ikiwa 140. Weka kipanya juu ya namba hiyo, zungusha gurudumu hadi 96. Kwa tempo hiyo kipimo kimoja cha mapigo manne huchukua sekunde 2.5, kwa hiyo vipimo 48 ni dakika mbili kamili. Singeli hupita 200, lakini usianzie huko. Kosa la mpangilio halisikiki vizuri kwenye kasi hiyo.

Sasa ngoma. Fungua Beat+Bassline Editor. Upande wa kushoto bofya My Samples, ingia folda ya drums, na ukibofya faili lolote litalia ulisikie. Buruta kiki moja (ngoma nzito ya chini), snea moja (ngoma kavu yenye mlio mkali) na hai-hati moja iliyofungwa (matoazi) uziweke ndani ya dirisha hilo. Kila moja itapata mstari wenye visanduku 16, yaani vinne kwa kila pigo. Washa hivi:

Kiki: 1, 5, 9, 13
Snea: 4, 7, 12, 15
Hai-hati: visanduku vyote vya namba witiri

Huo ni mdundo wa jamii ya dancehall, ambao Bongo Fleva imeuazima sana. Angalia snea: haikai juu ya kiki, inaanguka kisanduku cha tatu baada ya kiki ya kwanza, kisha cha tatu tena. Hapo ndipo kiuno kinapotikisika. Ukiipeleka kwenye 5 na 13 utapata mwendo wa roki, ambao kwa kazi hii umepoa. Kisha weka kipanya juu ya hai-hati za 3, 7, 11 na 15 na zungusha gurudumu kushusha sauti yake kidogo. Biti ya mwanzoni husikika kama mashine kwa sababu kila pigo lina nguvu ileile.

Hapa ndipo wanaoanza hukwama: unabonyeza plei ya Song-Editor, kimya. Programu haijaharibika. Kila dirisha lina plei yake, na ngoma ulizopanga kwenye Beat+Bassline hazimo ndani ya wimbo mpaka uziweke. Nenda Song-Editor, kwenye mstari wa Beat/Bassline, bofya vipimo vinne vya kwanza. Sasa italia.

Kwa kinanda tumia mstari wa TripleOscillator uliopo tayari. Bofya nafasi ya kipimo cha kwanza, kisha bofya mara mbili kisanduku kilichotokea, Piano-Roll itafunguka. Kipanya cha kushoto kinaweka noti, cha kulia kinafuta, na ukivuta ncha ya noti inarefuka. Weka kodi nne (kodi ni noti kadhaa zinazolia pamoja), kila moja kipimo kizima: A-C-E, F-A-C, C-E-G, G-B-D. Zote ni funguo nyeupe, hakuna pa kupotea. Besi iwe mstari wake mwenyewe: A, F, C, G, chini sana. Ukiifanya iingie pamoja na kiki na snea, mdundo utanenepa bila kuongeza ala nyingine.

Sauti ya kinanda ikiwa kali mno, jaribu zilizo tayari kwenye My Presets kabla ya kuanza kuzungusha vinobu.

Wimbo ukikwaruza, kwanza ujue unakwaruza vipi. Kama ni milio ya tik-tik inayokuja na kuondoka, kompyuta inazidiwa: nenda Edit, Settings, ongeza buffer size (kiasi cha sauti ambacho kompyuta huandaa mapema) kutoka 256 hadi 1024, kisha funga programu na uifungue upya. Gharama yake ni ucheleweshaji wa kama milisekunde 23 badala ya 6, ambao utausikia ukipiga kinanda moja kwa moja, si ukichora noti. Kama ni mkwaruzo mzito kila kiki inapopiga, sauti zimejumlishana zikapita kikomo. Fungua FX-Mixer uitazame Master (sauti ya wimbo mzima), kisha shusha kinobu cha VOL cha kila mstari isipokuwa kiki, hadi Master isiguse nyekundu. Kupunguza sauti ya spika hakutasaidia.

LMMS hii hairekodi sauti ya mtu. Toa biti kupitia File, Export, uchague WAV ya 44100, uifungue kwenye Audacity (programu ya bure ya kurekodi sauti) na uimbie hapo, ukivaa hedifoni. Ukitumia spika, maiki itanasa biti pamoja na sauti yako na hutaweza kuzitenganisha. Mwangwi wa mwisho ukikatika ghafla, ondoa tiki ya Export as loop. MP3 fanya mwishoni, ya kutuma WhatsApp.

Faili la mradi, lenye mkia wa .mmpz, halibebi sauti ulizopakua mwenyewe. Linakumbuka tu zilipokaa. Ukihamishia kazi kwenye kompyuta nyingine kwa fleshi, beba na folda ya sauti hizo, la sivyo ngoma zako hazitalia.