SOMO: Mafuta ya karafuu kwa choa na fangasi wa miguuni (someni mpaka mwisho ndo muulize)

Assalaam alaykum. Kila masika yakianza naulizwa hili hili, na kila mmoja anataka ajibiwe kwa mstari mmoja. Naandika mara hii tu.

Kinachoua fangasi kwenye karafuu ni eujenoli, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mafuta yake. Inaharibu utando wa seli ya fangasi mpaka vya ndani vinavuja. Hayo yameonekana zaidi maabara, kwenye visahani. Mguu wa mtu si kisahani, basi mimi karafuu naihesabu msaidizi. Iliyothibitishwa kwa watu ni krimu ya klotrimazoli ya duka la dawa, na haina aibu kuinunua.

Hatua ya 1. Hakikisha ni fangasi. Choa huwa duara, ukingo umeinuka na unawasha, katikati pamefifia. Baka lililopauka ambalo ukiligusa kwa pamba husikii kitu, hilo usilipake chochote. Nenda kituo cha afya ukapimwe ukoma. Dawa yake ni bure.

Hatua ya 2. Tafuta mafuta ya karafuu yaliyotolewa kwa mvuke (ya karafuu zenyewe au ya makonyo, yaani vikonyo vyake, yote yanafaa), mafuta ya nazi safi, na chupa ya kioo. Kioo, nimesema. Mafuta haya yanakula baadhi ya plastiki.

Hatua ya 3. Kuchanganya. Mililita 50 za mafuta ya nazi, matone 5 ya karafuu. Matone 20 ni kama mililita moja, kwa hiyo hapo una nusu asilimia, na inatosha. Hapa ndipo watu wanapoharibikiwa. Mtu anayatazama matone matano, anasema haya yatafanya nini, anamimina kijiko. Au anapaka mafuta matupu. Sasa eujenoli ndiyo ile ile inayotiwa kwenye jino kuondoa maumivu: inatia ganzi. Ngozi inaungua na mwenyewe hasikii sawasawa. Siku ya pili pamekuwa pekundu, panachubuka, panawasha, naye anadhani fangasi amepanda, anaongeza tena. Wengi wanaoniletea picha za "choa sugu" wana ngozi iliyoungua tu. Ikiwasha kwa moto, osha kwa sabuni na uache.

Hatua ya 4. Jaribu kidogo ndani ya mkono, ngoja mpaka kesho yake.

Hatua ya 5. Osha, kausha, paka kidogo asubuhi na usiku, upite ukingo wa choa kwa upana wa vidole viwili. Wiki mbili zikipita hakuna nafuu, nenda kituo cha afya.

Hatua ya 6. Kila ukishatawadha, futa baina ya vidole vya miguu kabla ya kuvaa viatu. Fangasi anapenda majimaji.

Usitumie machoni, sehemu za siri, kwenye kidonda, wala kwa mtoto mdogo. Mwenye kisukari na fangasi wa miguuni, hospitali moja kwa moja. Chupa ifichwe: mtoto akiyanywa, hata kidogo tu, yanaweza kumharibu ini.

MASWALI

Mkazi wa Mkoani: Shekhe, nikitia matone 20 si itapona haraka?
— Hukusoma. Hatua ya 3.

Umm Nasra: Mwanangu ana mashilingi kichwani. Nimpake mara ngapi?
— Usimpake, dada. Kichwani fangasi anaingia ndani ya unywele, cha kupaka hakimfikii. Anahitaji dawa ya kumeza, griseofulvini au terbinafini, kwa wiki kadhaa, na daktari ndiye anayepima dozi kwa uzito wake. Kofia na kitana chake visishirikiwe, na wenzake wa chuoni (madrasa) waangaliwe.

Kijana wa Wete: Mimi nina mba kifuani. Nikipaka mafuta ya nazi naona kama unazidi. Kwa nini?
— Umeuliza la maana. Fangasi wa mba huo, Malassezia, hawezi kujitengenezea asidi za mafuta, anazichukua kwenye ngozi yako, na nazi ina nyingi anazozitaka. Unamlisha. Somo hili si lako. Tafuta shampuu ya ketokonazoli, paka kifuani, acha dakika chache, osha. Na usikate tamaa ukiona madoa bado: fangasi hufa mapema, rangi ya ngozi hurudi baada ya miezi.

Msafiri: Nimepaka krimu ya dukani, kuwasha kukaisha siku mbili, kisha kikarudi kikubwa zaidi!
— Soma boksi. Ikiwa ina betamethasoni au klobetasoli, hiyo ni steroidi: inatuliza muwasho na kumwachia fangasi uwanja.

Mzee wa Shamba: Wazee wetu walitwanga karafuu wakapaka, na hawakupima matone.
— Mzee wangu, walipaka karafuu. Karafuu kavu ina mafuta kama asilimia 15 hadi 20 ya uzito wake, hiyo chupa ni mafuta matupu. Si kitu kimoja.

Bint Chake: Nitajuaje sikuuziwa yaliyochanganywa?
— Tia tone kwenye glasi ya maji, koroga kidogo. Mafuta ya karafuu ni mazito kuliko maji, yanazama. Yakielea yote juu kama ya kupikia, mrudishie aliyekuuzia.