Jinsi ya kujenga faili la uraia kuanzia kopo la babu

Nyumbani kwetu Makongeni, huku Msambweni, pwani ya Kenya, kuna kopo la mafuta ya Kimbo ambalo tukiwa watoto hatukuruhusiwa kuligusa. Ndani yake babu aliweka kipande chake, karatasi ya usajili ya enzi ya ukoloni, kimekunjwa mara nne, kimefungwa kwa nailoni. Babu alikuwa Mmakonde. Alivuka mto Ruvuma kutoka Msumbiji akiwa kijana, akakata mkonge, kisha akakata miwa Ramisi hadi nguvu zikamwishia. Alifariki 1984 bila kuwa raia wa nchi yoyote. Mimi, mjukuu wake niliyezaliwa papa hapa Kwale, nilishika kitambulisho mkononi nikiwa na miaka 48. Tangu siku hiyo majirani huniletea mifuko ya karatasi zao, na ninayoyaandika hapa ndiyo ninayowaambia wakiketi barazani kwangu.

Usianze na ofisi. Wala usianze na swali la kabila, maana hilo ndilo litakalokurudisha nyumbani unalia. Anza na miaka. Mtu akikosa kitambulisho, mara nyingi chanzo chake ni mwaka aliozaliwa yeye, mahali walipozaliwa wazazi wake, na sheria iliyokuwa ikitumika mwaka huo. Nunua daftari la kurasa 96, chora mstari katikati ya kila ukurasa. Kushoto utaandika habari za familia, kulia utaandika sheria.

Kisha mketishe mzee wenu aliye hai. Ukimwuliza mama mwenye miaka themanini, "Ulizaliwa lini?", atakwambia Mungu ndiye ajuaye. Mwulize yaliyokuwa yakitendeka. Vita vya Hitler vilikuwa vimekwisha? Uhuru ulimkuta ameolewa? Mapinduzi ya Zanzibar, Januari 1964, alikuwa amebeba mtoto gani? Mzee Kenyatta alipofia Mombasa Agosti 1978, nani alikuwa darasa la ngapi? Maziwa ya Nyayo nani aliyanywa shuleni? Mamangu alishindwa kabisa kunitajia mwaka wake, lakini alikumbuka kwamba siku bendera ya Uhuru ilipopandishwa alikuwa msichana wa kuvunja ungo miaka minne nyuma. Kwa hesabu hizo, na kwa cheti cha ubatizo cha dada yake mdogo, tukaufikia mwaka 1944. Andika maneno ya mzee kama anavyoyasema, usiyanyooshe. Na umpe muda: siku ya kwanza watu wazima huogopa, wanadhani wanaandikwa warudishwe.

Sasa jaza upande wa kulia. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wanapopotea.

Anza na kipande. Sheria yake ilitungwa 1915, ikaanza kutekelezwa Vita vya Kwanza vilipokwisha. Mwanamume Mwafrika alipigwa alama za vidole, akaandikwa jina la mwajiri wake, mshahara, siku aliyoajiriwa na siku aliyoruhusiwa kuondoka, na karatasi hiyo akaining'iniza shingoni ndani ya kijisanduku cha bati. Ukitoroka kazi kabla mwajiri hajatia sahihi, wewe ni wa kukamatwa. Harry Thuku aliwaongoza watu kuipinga, na alipotiwa ndani Machi 1922 waliokuja kumdai Nairobi walipigwa risasi. Babu aliichukia karatasi ile mpaka akaingia kaburini. Lakini ndiyo iliyosema, kwa mkono wa mzungu mwenyewe, kwamba mwaka 1946 alikuwa Kwale akifanya kazi. Kwa hiyo ukiikuta kwenu, hata ikiwa imeliwa na mende, usiitupe.

Fungua ukurasa mpya uandike 12 Desemba 1963. Katiba ya Uhuru ilimpa uraia moja kwa moja mtu aliyezaliwa Kenya ambaye mzazi wake mmoja angalau naye alizaliwa Kenya. Mamangu alizaliwa Ramisi, lakini wazazi wake wote wawili walitoka ng'ambo ya Ruvuma. Watu wa namna yake walipewa miaka miwili, hadi 12 Desemba 1965, waende wakajiandikishe. Nani angemwambia? Kambi za miwa hazikuwa na redio, na msimamizi alihesabu matuta, hakuhesabu raia. Tarehe ikapita mama akipalilia.

Kwa aliyezaliwa baada ya Uhuru, sheria mwanzoni ilikuwa na moyo mpana: ukizaliwa Kenya, wewe ni Mkenya. Mimi nilizaliwa 1968, kwa hiyo nilikuwa raia tangu siku ya kwanza. Mwaka 1985 katiba ikabadilishwa. Sasa ilitakiwa mzazi wako mmoja awe raia siku uliyozaliwa, na sharti hilo likatupwa nyuma likawafunika wote waliozaliwa baada ya 11 Desemba 1963. Nilikuwa na miaka 17. Mwaka uliofuata nilijipanga kwenye foleni ya vitambulisho na wenzangu wa darasa. Wao wakapita. Mimi nikaulizwa kitambulisho cha baba, kisha cha mama, kisha nikaambiwa nisimame kando. Nilisimama kando miaka thelathini.

Kuna na jambo la wanawake, ambalo wengi hulisahau. Usajili wa vitambulisho ulikuwa wa wanaume peke yao mpaka sheria ilipobadilishwa 1978. Basi usishangae bibi yako hana namba yoyote ya zamani. Kwake tafuta kadi ya kliniki, daftari la parokia, cheti cha ndoa cha kadhi, na jina lake katika kumbukumbu za shule ya watoto wake.

Familia za Kihindi zina ukurasa wao. Sheria ya uhamiaji ya 1967 ilimlazimu asiye raia kuwa na kibali cha kazi, na wengi walikuwa bado wana pasipoti za Uingereza. Waingereza nao wakatunga sheria ya kuwafungia mlango kwa siku chache tu, ikaanza Machi 1968. Mama anakumbuka mwenye duka aliyekuwa akimkopesha unga: siku ya Jumatano alifunga duka, akaacha mizani juu ya meza. Huko kaskazini mashariki, Wasomali walipigwa msasa, yaani walihojiwa kuhusu uraia wao, 1989 na kupewa kadi ya pinki kuthibitisha Ukenya wao. Kama familia yenu imepitia hayo, weka hizo karatasi pia.

Ukurasa wa mwisho ni Katiba ya 2010 na sheria ya uraia ya 2011. Katiba ilisema mtoto wa mama Mkenya ni Mkenya sawasawa na wa baba, popote alipozaliwa. Sheria ya 2011 ikamfungulia mlango mtu asiye na nchi ambaye ameishi Kenya mfululizo tangu 12 Desemba 1963, pamoja na kizazi chake. Mlango ulikuwa wa miaka mitano. Muda huo ukapita nasi bado tunazungushwa, na Oktoba 2016 Wamakonde tukaondoka Kwale kwa miguu kwenda Ikulu Nairobi. Rais akaagiza tuwe tumepewa vitambulisho kufikia Desemba. Washona, wenye asili ya Zimbabwe, wakafuata 2021, na Wapemba wa pwani 2023. Jua familia yenu iko chini ya agizo gani kabla hujajaza fomu.

Upande wa kushoto na wa kulia ukikutana, utaona pengo. Pengo hilo ndilo utakaloliziba kwa karatasi. Kukaa mfululizo huthibitishwa na vitu vidogo: risiti ya kodi, kadi ya NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) ya kiwanda cha Ramisi, ripoti ya shule, kadi ya chanjo. Panga kwa miaka, usipange kwa ukubwa. Kila miaka mitano iwe na angalau karatasi moja. Isipokuwepo, tafuta mashahidi wawili wasio ndugu, waliokujua wakati huo, wakale kiapo mbele ya kamishna wa viapo.

Usitoe karatasi halisi. Nakili mara tatu. Mwaka 2003 niliacha cheti cha ubatizo cha shangazi yangu kwenye ofisi moja, nikaambiwa nirudi Alhamisi. Nilirudi Alhamisi kumi na moja. Hakikuonekana tena, na shangazi alifariki bila kitambulisho.

Jambo gumu zaidi ni majina. Wengi wetu tuliishi kwa majina ya majirani Wadigo ili mtoto afanye mtihani, ili laini ya simu isajiliwe, ili pesa za M-Pesa ziingie mahali. Mwanangu wa kwanza alifanya mtihani wa darasa la nane kwa jina la baba wa nyumba ya pili, na cheti chake hadi leo kinamwita mtu ambaye siye. Ukiwa na jambo kama hili, usilifunike kwa uongo wa pili. Mtafute wakili wa msaada wa kisheria mapema, aliandike katika hati ya kiapo kabla hujaulizwa na wanaokagua faili. Wanaokuhoji huijua mitaa yao. Wakigundua wenyewe, faili zima linatiliwa shaka.

Halafu vidole. Aliyekata miwa au mkonge miaka arobaini, ngozi ya vidole vyake imelainika kama jiwe la mtoni, na wino haushiki mistari. Mama alirudishwa mara mbili kwa sababu hiyo. Juma zima kabla ya siku yenyewe, kila usiku, mloweshe mikono kwenye maji ya uvuguvugu na umpake mafuta ya nazi. Asubuhi ya safari osha mafuta yote kwa sabuni, umkaushe vizuri, na usimwache abebe ndoo wala ashike jembe siku hiyo. Beba kitambaa safi. Omba kila kidole kirudiwe mpaka mistari ionekane. Mistari ya mama ilitokea mara ya nne, kidole gumba cha kushoto, kile kile kilichopigwa kwenye kipande cha babake kilichokuwa kwenye mkoba wangu.