Pikipiki inagoma kuwaka asubuhi ya baridi? Anza na haya kabla hujagusa kabureta

Wakuu, kila msimu wa baridi ukiingia naletewa pikipiki za aina moja: jana jioni ilikuwa inatembea freshi kabisa, asubuhi imegoma, mwenyewe kapiga stata mpaka betri imekata moto, halafu kwa hasira kashafungua kabureta (inayochanganya petroli na hewa) na kuna skrubu moja haionekani. Naweka hapa mpangilio ninaoufuata mimi mwenyewe, kuanzia vitu visivyohitaji hata spana mpaka vile vya kumwachia fundi. Usiruke hatua, wanaoruka ndio wanaonilisha.

Kwanza uelewe baridi inafanya nini. Petroli ili iwake lazima igeuke mvuke ichanganyike na hewa, sasa kwenye baridi inakuwa mvivu, inabaki matone matone yananata kwenye njia ya kuingilia silinda na kinachofika kwenye plagi inayotoa cheche ni hewa tupu karibu yote. Oili nayo imekuwa nzito kama asali, stata inazungusha mzigo mkubwa, na hapohapo betri nayo imepungua, kwenye nyuzi 0 betri ya kawaida ya asidi inabaki na kama asilimia 80 tu ya uwezo wake. Pikipiki nzima itasumbua kidogo na kuwaka. Ile yenye kaugonjwa ambako wakati wa joto hukuwa unakaona ndiyo inalala moja kwa moja, na sisi tunatafuta hako kaugonjwa.

Hatua ya 1: toa kidole kwenye stata. Nipo serious hapa. Usikandamize zaidi ya sekunde 5 kwa mara moja, halafu pumzika angalau sekunde 15. Ukishikilia tu unaua betri, unachemsha mota ya stata, na petroli inazidi kuingia mpaka plagi inaoga. Hapo ulikuwa na tatizo 1, sasa unayo 3.

Hatua ya 2: vitu vya aibu. Swichi nyekundu ya kuzimia injini ipo wapi? Bomba la mafuta limefunguliwa? Kama tanki limekaribia kuisha, weka rizevu. Gia iwe nyutro, na stendi ya pembeni ipande juu kabisa kwa sababu pikipiki nyingi zina swichi pale inayokata umeme, na tope likijaa pale inadhani stendi iko chini. Usicheke, hata mafundi yanatukuta.

Hatua ya 3: choki, na mkono mbali na resi. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Kazi ya choki ni kuongeza petroli kwa hewa ileile ili angalau kile kidogo kinachogeuka mvuke kitoshe kuwaka. Vuta choki yote mpaka mwisho, halafu usiguse resi kabisa. Kwenye kabureta nyingi choki inafanya kazi kwa mvuto wa hewa wakati resi imefungwa, ukizungusha mkono tu mvuto unakufa na choki inakuwa pambo.

Kama una kiki, kabla ya kuwasha swichi piga kiki 3 au 4 za taratibu, siyo za kukomoa, unalegeza oili iliyoganda na unavuta mafuta yaingie. Halafu washa swichi, piga moja ya nguvu. Kama unatumia stata, kamata klachi hata kama uko nyutro, sahani za klachi zikiwa na oili ya baridi zinagandana na kuburuta gia, unaipunguzia stata mzigo. Ikishawaka usiwe na haraka ya kurudisha choki, iache nusu dakika hadi dakika, irudishe nusu, ikitulia irudishe yote. Na usiiache ikinguruma ndani ya chumba au stoo iliyofungwa, ule moshi una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu na inaua.

Za injeksheni hazina choki ya kuvuta, kompyuta inajipangia yenyewe. Wewe fungua swichi usikilize pampu chini ya tanki, italia "zzzzz" kama sekunde 2 au 3 kisha inanyamaza, ndipo ubonyeze stata. Baridi ikiwa kali zima, fungua tena, pampu ijaze presha mara ya pili. Pampu hailii kabisa? Angalia fyuzi, na hatua ifuatayo.

Hatua ya 4: betri. Ukisikia "tatatata" bila injini kuzunguka, hiyo ni betri haina nguvu au nyaya zake hazishiki. Kabla ya kununua nyingine shika vichwa vya betri uvitingishe, kikicheza kwa mkono umepata mchawi. Ule unga mweupe au wa kijani ukwangue mpaka chuma king'ae, ukaze. Fuata pia waya mweusi mpaka pale ulipofungwa kwenye injini au fremu, nao unashika kutu na hakuna anayeukumbuka.

Ukiwa na mita ndiyo raha. Betri iliyolala usiku mzima ikisoma volti 12.6 kwenda juu iko poa, 12.2 imebaki kama nusu, chini ya 12 ipeleke chaji. Ila kipimo kinachosema ukweli ni wakati unabonyeza stata: mtu akuangalizie mita, ikishuka chini ya volti 9.5 hivi basi hiyo betri imechoka hata kama ikilala inasoma vizuri. Ukiomba moto kwenye gari, injini ya gari iwe imezimwa. Kusukuma kunasaidia za kabureta, gia ya 2, ila ya injeksheni yenye betri iliyokufa kabisa utasukuma mpaka jasho likutoke bure, pampu haina umeme wa kusukumia mafuta.

Hatua ya 5: plagi. Injini inazunguka vizuri lakini haishiki, sasa fungua plagi. Kwanza puliza uchafu pembeni yake usije ukaangukia ndani. Isome kabla hujaifuta. Imelowa na inanuka petroli: mafuta yamefika, umeme ndio hauwaki, au umeizamisha mwenyewe kwa choki na stata nyingi. Imekauka kabisa baada ya kupiga stata muda wote ule: mafuta hayafiki, nenda hatua ya 6. Nyeusi yenye masizi makavu: inakula mafuta mengi, angalia na chujio la hewa.

Ikiwa imelowa, ifute, ikaushe, na ukiwa na plagi nje rudisha choki, fungua resi yote, swichi imezimwa, piga kiki kama 8 ili silinda iteme petroli. Kujaribu moto wa cheche, chomeka plagi kwenye kepu yake, uzi wake uguse chuma cha injini, mbali na tundu la plagi maana kuna mvuke wa petroli pale, halafu washa swichi upige. Unataka cheche ya bluu inayolia "ta". Ya njano iliyofifia haitoshi, ikiingia ndani kwenye mgandamizo inakufa. Nafasi ya plagi (ule mwanya inaporuka cheche) za pikipiki nyingi ndogo ni kati ya milimita 0.6 na 0.9, na inatanuka kadiri plagi inavyochakaa.

Cheche hakuna hata na plagi mpya? Usikimbilie koili, ile inayozalisha umeme wa cheche. Mimi yangu mwenyewe ilinisumbua wiki nzima, kila asubuhi yenye umande inagoma, jua likitoka inawaka kama hakuna kilichotokea. Nilibadilisha plagi, nikaanza kuilaani koili. Siku moja nikazungusha kepu ya plagi kama unavyofungua kifuniko cha chupa (nyingi zimefungwa kwa uzi kwenye waya), ikatoka, na ndani ile ncha ya waya ilikuwa kijani tii, nyuzi za shaba zimeliwa zimebaki kama nywele 3. Nikakata nusu sentimita, nikapata shaba nyekundu safi, nikazungushia kepu tena. Imekwisha.

Hatua ya 6: maji kwenye mafuta. Tanki likiwa nusu, usiku wa baridi unyevu wa ile hewa ya ndani unaganda kuwa matone na kuteremka. Maji ni mazito kuliko petroli kwa hiyo yanakaa chini ya kikombe cha kabureta, palepale jeti (vitundu vya kupitishia mafuta) zinapovutia. Chini ya kikombe kuna kiskrubu, kilegeze umwage kwenye chupa ya plastiki angavu, iinamishe mwangani. Maji utayaona yanaviringika chini kama shanga, hayachanganyiki. Ukiyaona, mwaga mpaka itoke petroli tupu, funga, jaribu tena. Na petroli iliyokaa miezi ndani ya tanki badilisha tu.

Hatua ya 7: hapa sasa fundi. Moto upo, mafuta yapo safi, betri nzima, bado inagoma. Mara nyingi ni jeti ndogo ya sailensa (injini ikinguruma bila resi) imeziba, dalili yake ni kwamba ukibahatika ikiwaka haikai sailensa bila choki hata ikishapata moto. Au tapeti, zile zinazosukuma valvu, zimebana sana, valvu haifungi vizuri na mgandamizo unavuja. Tapeti zinapimwa injini ikiwa baridi kabisa, kwa hiyo ukipeleka, iache ilale huko usiku mmoja, na fundi atakayetaka kuzipima injini ikiwa bado inaunguza mkono, mpokonye ufunguo.