Kufunga aresta ndani ya nyumba: usiache waya mrefu

Radi ilimuunguzia shangazi yangu wa Ujiji televisheni, na aresta, kile kifaa cha kumwaga volti za radi kwenye ethi, ipo ukutani, niliifunga mimi mwenyewe. Nilirudi kuifunga upya. Ifanyeni hivi.

1. Zima meni swichi. Waya zinazotoka luku bado zina moto, usiziguse.

2. Nunua aresta ya aina ya 2, ile ya kufungwa kwenye DB (boksi la breka), yenye vichwa viwili, cha laivu na cha nyutro. Mimi huchukua ya volti 320, yaani inayovumilia hadi volti hizo muda wote. Zile za 275 naziacha dukani, maana 230 yetu ina usiku wake wa kupanda.

3. Piga rodi ya ethi, pima ukinzani wake. Chumvi shimoni sitaki: mvua huiosha, na ikibaki inakula rodi.

4. Unganisha. Hapa ndipo nilipoteza mchana mzima. Nilichimbua rodi, nikabadilisha klampu, nikapima tena: ethi nzima kabisa. Jua linazama ndipo nikaona kosa. Aresta nilikuwa nimeiweka kwenye kiboksi chake chini ya DB, laivu inashuka karibu mita 1, ethi inarudi juu hadi kwenye baa ya ethi ya DB mita nyingine, na waya uliobaki nimeuzungusha kama bangili ili upendeze! Radi inapita kwa kishindo. Mkondo ukipanda ampea 1,000 ndani ya mikrosekunde 1, kila mita ya waya inaongeza volti 1,000 hivi. Aresta yangu inashusha hadi 1,500. Jumlisha 2,000 za waya, televisheni inapata 3,500, nayo huvumilia kama 2,500 tu. Kuongeza unene wa waya hakusaidii sana, dawa ni ufupi. Laivu na ethi kwa pamoja zisizidi sentimita 50. Nafasi ikikosekana, leta laivu kwanza kwenye kichwa cha aresta, ndipo iendelee kwenye breka, mradi kichwa kinapokea waya mbili. Bangili kata.

5. Washa. Kidirisha cha aresta kiwe kijani. Kikigeuka chekundu, badilisha.

Nyutro ikikatika kwenye nguzo, nyumba inaweza kupata hadi karibu volti 400 kwa dakika nzima. Aresta haikusaidii hapo, huenda ikaungua yenyewe. Hiyo ni kazi ya friji gadi, kile kifaa kinachokata umeme volti zikizidi.

Na waya wa dishi haupiti kwenye DB, kwa hiyo king'amuzi kiko peke yake. Shangazi huchomoa kila kitu akisikia ngurumo upande wa ziwa. Simkatazi.