Jinsi ya kumtengeneza mungu mdogo wa mikoko kwenye stori yako ya fantasia

Watu wengi wakianza kujenga dunia ya fantasia wanakimbilia miungu wakubwa, wa vita, wa radi, wa kifo, halafu yule wa kijito au wa kichaka anapewa mstari mmoja basi. Mimi naona huyo mdogo ndo anafanya dunia ionekane ina watu, maana mvuvi hana shughuli na mungu wa radi, shughuli yake iko na yule anayekaa pale anapofunga ngalawa. Tumchukue wa mikoko.

Anza na eneo, tena liwe dogo. Usiseme mungu wa bahari, sema wa hori moja, yaani mkono mmoja wa bahari unaoingia nchi kavu, na pale maji ya chumvi yanapoishia na nguvu zake zinaishia, akivuka hapo ni mgeni kama wageni wengine.

Sasa pawa. Hapa ndo watu wanachemsha, wanampa moto wa kijani na vimbunga wakati mahali penyewe pameshakupa kila kitu. Angalia mkoko: mbegu yake inaota ikiwa bado juu ya mti, inarefuka kama fimbo, ikidondoka kwenye tope inaweza kuchomeka hapohapo, ikidondokea maji inaelea hata wiki kadhaa mpaka ipate pa kushika. Basi huyu mungu anaweza kumtuma mwanawe mbali sana ila hawezi kumchagulia atakapofikia. Halafu kuna mchu, aina nyingine ya mkoko, majani yake yanatoa chumvi, lamba jani utaisikia. Kwa hiyo mungu wako anaweza kumtoa mtu sumu mwilini, lakini ile sumu lazima itokeze juu ya ngozi ya mungu mwenyewe, punje nyeupe nyeupe, na kijiji kizima kinaona amebeba nini.

Mpe na saa zake. Pwani yetu maji yanajaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku yanachelewa kama dakika 50, so anayetaka kuonana naye lazima ajue kuhesabu mwezi. Bamvua, siku maji yanapojaa na kupwa sana, ana nguvu; maji mafu, yanapopanda na kushuka kidogo tu, yuko hoi. Hapo ploti umeshapata bure: mama kaja na mtoto anaungua homa, leo ni maji mafu, bamvua bado siku 6, afanyeje?

Kuhusu anachotaka, dhahabu sahau. Boriti za mikoko zilipakiwa majahazini kwenda Uarabuni na Ghuba karne na karne, na hata nyumba za mawe za huku kwetu vyumba vyake ni vyembamba, mita 3 hivi au pungufu, sababu boriti ndo inafika hapo. Mimi ningemfanya mungu awe bado anasikia kupitia kila boriti iliyokatwa kwake, yaani kuna familia ng'ambo inapanga mambo yake chini ya dari na yeye yuko kwenye tope huku anayasikia yote, na wakata boriti hawajui. Sadaka yake basi iwe habari, au miche ipandwe pale palipokatwa.

Kitu kimoja nakuomba sana, usichukue mzimu wa watu ukaupachika jina jipya. Misitu ya kaya, yaani makazi ya zamani ya Wamijikenda wa pwani ya Kenya, ambayo UNESCO iliiingiza kwenye urithi wa dunia 2008, ni mahali pa ibada mpaka leo. Jifunze jinsi miiko inavyolinda msitu, kwamba hapa hukati mti, pale huingii hovyo, halafu tunga ya kwako. Miiko mitatu inatosha, na mmoja uwe haueleweki sababu yake mpaka mtu auvunje.

Jina liweke mwisho kabisa, na liwe fupi, la kuitwa na mtu aliyezama tope mpaka magotini na maji yanajaa.